Kikapu cha kanga mlangoni

"Shikamoo mama," aliniambia, akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulishika bahasha.

Niliitikia marahaba, lakini macho yangu yalikuwa yameshaanza kazi. Hereni za duara. Rasta ndefu zenye shanga mbili tatu nchani. Blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Suruali ya jinzi. Umri wake naukadiria miaka ishirini, labda ishirini na miwili. Ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi, ibada ya kwanza, na zamu ya mlango ilikuwa yangu.

Nyuma ya meza ya vitabu vya nyimbo tunaweka kikapu cha kanga. Nilichomoa moja, nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini kwa sababu tumefundishwa tusimwaibishe mtu: "Mwanangu, jifunge hii. Na hizo hereni ziweke kwenye pochi mpaka ibada iishe."

"Samahani mama, sikujua."

Hakukasirika. Alianza kujifunga, akasita. Akaifungua ile kanga, akaikunja pembe kwa pembe kama mtu aliyelelewa na mama anayejua kukunja nguo, akairudisha kikapuni kwa mikono miwili. Kisha akateremka ngazi, akatoka getini. Alipogeuka ndipo nilipoyaona maandishi kwenye bahasha, kwa kalamu ya bluu: *Shukrani*.

Sijui alikuja kushukuru nini.

Ni miezi miwili sasa. Hakuna aliyenilaumu. Mzee wa zamu aliniambia nimefanya vema, tena kwa upole, na nadhani huo upole ndio ulioanza kuninyima usingizi. Mambo yote yalikwenda kama tulivyofundishwa, na mtu aliyeileta shukrani yake kwa Mungu akarudi nayo nyumbani.

## Nilivyovua mimi

Niseme kwanza kwamba mimi si mgeni wa kikapu hiki, wala sikulazimishwa kukiamini.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, nilipookoka. Mama mdogo alikuwa amenipa hereni zake za rangi ya dhahabu, na usiku ule baada ya maombi nilikwenda nazo chooni nikazitupa shimoni. Nilirudi bwenini mwepesi. Nilihisi kama mtu aliyetua ndoo baada ya kupanda mlima. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na leo hii siikani. Nilikuwa na kitu cha kumpa Yesu, nikampa kile nilichokuwa nacho.

Shida ilianza muhula uliofuata, nilipoanza kuangalia masikio ya wenzangu.

Tulijuana kwa vichwa na sketi. Aliyetia dawa nywele alikuwa "ameanza kupoa". Aliyekunja pindo la sketi alikuwa "amerudi nyuma". Siku moja tulimzunguka dada mmoja, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya urembo imtoke, kwa sababu alikuwa amepaka mafuta ya midomo yenye rangi. Ilikuwa Juni. Wanaoijua Dodoma wanaujua upepo wa Juni. Midomo yake ilikuwa imepasuka mpaka inatoka damu, na nadhani alipaka mafuta aliyoyapata.

Nilikuwa nimemshika bega la kushoto. Nakumbuka lilivyokuwa linatetemeka, na nakumbuka nikimshukuru Mungu kwamba Roho anamgusa.

Hakuja tena kwenye ushirika.

## Mistari tunayoisoma nusu

Baada ya Jumapili ile nilirudi kwenye mistari yenyewe, ile ambayo kila mhudumu wa mlangoni anaijua kwa kichwa. Petro anaandika: "Kujipamba kwenu, kusiwe kujipamba kwa nje, yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi."

Nimeusoma mstari huo maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kwamba kitu cha kwanza anachokitaja ni kusuka nywele. Kina mama wa kanisani kwetu tunasukana kila Jumamosi. Twende kilioni, mabutu, mistari ya kwenda kando, na Jumapili tunakaa nazo kiti cha mbele bila mtu kuchomoa kanga. Na kitu cha tatu ni "kuvalia mavazi". Ukiufuata neno kwa neno, inabidi tuje ibadani bila nguo. Kwa hiyo kila mmoja wetu, hata aliye mkali kuliko wote, tayari anaupima mstari huu na kuamua wapi unabana na wapi unalegea. Tumeamua ubane kwenye hereni na ulegee kwenye vitunguu vya nywele vya mama mchungaji.

Paulo kwa Timotheo anaongeza lulu na nguo za thamani. Hapo nikaanza kuona shabaha yake ilikuwa mali inayoingia kanisani ikitaka itazamwe. Yakobo anasema waziwazi: mtu mwenye pete ya dhahabu anaingia katika sinagogi, mnamkalisha pazuri, na maskini mnamwambia asimame kule. Hereni za yule binti zilikuwa za shilingi elfu moja, zile zinazouzwa kwenye ubao pale stendi. Jumapili hiyohiyo, dakika kumi kabla yake, nilimwongoza mpaka mbele mzee mmoja mwenye saa ya dhahabu inayoonekana toka getini. Nilimfuta kiti vumbi kwa leso yangu.

Kuhusu dhahabu yenyewe Biblia haikuniachia njia ya mkato. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 32, watu wanavua pete za masikioni na Haruni anazifanya ndama. Sura ya 35, watu walewale wanaleta pete zao kwa moyo wa kupenda, zikatumika kujenga hema ya Bwana. Nilikaa na sura hizo mbili siku nzima. Nilikuwa natafuta mstari utakaoniambia kama pete ni njema au mbaya, na kila nikigeuza ukurasa naulizwa inapelekwa kwa nani.

Na suruali? Tunashika Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi yampasayo mwanamume. Sura hiyohiyo inaagiza ukingo kuzunguka dari la nyumba mpya, inakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani, na inataka vishada kwenye pembe nne za vazi. Sijawahi kumwona mhudumu akikagua lebo ya koti la mzee wa kanisa kuona limechanganywa nini.

Kuna jambo jingine kuhusu suruali ambalo mama yangu ndiye aliyenikumbusha. Yeye alikuwa msichana mwaka 1968, wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, dawa za kung'arisha ngozi. Malawi nao walitunga sheria mwaka 1973, mwanamke asivae suruali, na ikakaa mpaka miaka ya tisini. "Sisi tulikatazwa na chama kabla ya mchungaji," mama aliniambia. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba sehemu ya yale ninayoyatetea mlangoni kama injili yaliingia kanisani yakitokea kwenye mikutano ya hadhara.

## Mzee aliponijibu

Nilimwendea mzee wa zamu nyumbani kwake, na nitasema alivyoniambia bila kumpunguzia, kwa sababu alinishinda mara mbili.

Alisema: "Mama, mimi sikatai neema. Nimeokolewa kwa neema, bila hiyo ningekuwa nimeshazikwa na pombe. Lakini soma Tito 2. Neema ya Mungu imefunuliwa, *nayo yatufundisha*. Neema ina fimbo ya mwalimu. Neema isiyobadilisha chochote mtu anachokiona, mimi siijui."

Nilinyamaza. Kwa sababu namjua. Nilimjua alipokuwa analala mtaroni, na siku alipoanza kuvaa shati safi mtaa mzima ulijua kuna jambo. Shati lile lilihubiri kabla yeye hajafungua kinywa.

Kisha akasema la pili. "Na tukiondoa kikapu, atakayeumia ni maskini. Leo kanga ni kanga. Kesho kila mtu na fasheni yake, na mtoto wa mama ntilie atakosa cha kuvaa, atabaki nyumbani."

Hilo lilinigusa mahali penye kidonda. Darasa la sita nilikaa nyumbani Jumapili nne mfululizo kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimeisha soli. Najua maana ya kukosa ibada kwa ajili ya mwili wako.

Nilitoka kwake nikiwa nimeshindwa, na nilibaki hivyo karibu wiki mbili. Kilichonitoa hapo kilikuwa kitu kidogo: kanga zenyewe. Kanga za kikapu tunazijua wote. Zimepauka, moja imeungua pasi pembeni. Mtu akiingia amejifunga ile, kanisa zima linajua ameivalishwa mlangoni. Mzee anasema kikapu kinatusawazisha, na ningependa iwe hivyo, maana ingekuwa sote tunajifunga kuanzia mama mchungaji ningeitetea mpaka leo. Lakini sisi tunaipa kanga ile kwa aliyekosea tu. Na aliyekosea siku zote ni mwanamke, siku zote ni mgeni au kijana. Miaka kumi na moja ya zamu, sijawahi kumpa mwanamume kitu chochote kutoka kikapuni.

Kuhusu Tito sijamjibu mzee, na bado natembea nalo. Neema inafundisha, ndiyo. Ila shati lake safi hakuvalishwa mlangoni. Alilinunua mwenyewe, baada ya miezi mitatu ya kukaa nyuma kabisa akinuka pombe, na hakuna aliyemgusa.

## Katika ungwana huo

Wakati huo nilikuwa nasoma Wagalatia kila asubuhi, na sura ya tano ilinisimamisha kwenye mstari wa kwanza. "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Soma maneno yale polepole. Ungwana. Kuandikwa huru. Kongwa.

Waliotupatia Biblia ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952, waliyachukua maneno hayo mahali ambapo watu walikuwa bado wanayakumbuka miilini mwao. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Kuandikwa huru ni kupewa karatasi: bwana ameandika, na tangu siku ile huwezi kuuzwa. Kongwa ni ule mti wa panda uliofungwa shingoni mwa mateka katika misafara. Mimi niliyekua nikisikia "Kongwa, Kongwa" kwa makondakta wa basi, wilaya ya bibi yangu, sikuwahi kusimama juu ya neno hilo hata siku moja. Na njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita Mpwapwa na Ugogo, kwenye ardhi yetu hii.

Kuna habari ya nguo pia. Unguja na pwani yote, nguo ilisema wewe ni nani. Mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana wanavyojifunika. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walikimbilia kanga, na baadaye buibui, kwa sababu sasa hakuna wa kuwakataza. Walijifunika kwa furaha. Kanga, nguo ileile niliyomchomolea yule binti, iliwahi kuwa karatasi ya uhuru ya mwanamke.

Nilipofika hapo sikuweza tena kusema kirahisi kwamba kitambaa ni kifungo. Mama mkwe wangu hafungui kilemba chake hata hospitalini, na ukimwona anavyokifunga asubuhi mbele ya dirisha utajua mwanamke yule yuko huru kuliko mimi. Kumwambia akivue kwa jina la neema ingekuwa kumtia kongwa kwa upande wa pili. Wapo siku hizi wanaofanya hivyo, wanawacheka kina mama wa vilemba kama watu wa sheria ambao hawajaielewa injili. Nao wamesimama mlangoni, ila kikapu chao hakionekani.

Yule mwana mpotevu alirudi na sala yake ya utumwa imeandaliwa: nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Baba hakuisikiliza mpaka mwisho. "Lileteni upesi vazi lililo bora, mkamvike, mpeni na pete kidoleni, na viatu miguuni." Amefika ananuka nguruwe. Jambo la kwanza nyumbani ni nguo, ni kweli, nguo ina sehemu yake. Lakini ni vazi bora la baba mwenyewe, pamoja na pete.

Mimi nilitoa kanga iliyoungua pasi, nikaomba hereni zitolewe.

## Masikio ya bibi

Mwezi uliofuata niliomba mwenzangu anishikie zamu, nikapanda basi kwenda kwa bibi.

Bibi yangu ana miaka zaidi ya tisini. Ni Mgogo wa zamani, masikio yake yalitobolewa akiwa mtoto na ndewe zikapanuliwa, na matundu yake ni makubwa, yananing'inia matupu. Katika ukoo wetu matundu yale ni hubiri. Tumelelewa nayo: bibi alipookoka katika Uamsho alivua mapambo yote, akaambiwa waliookoka hawavai, na hakuvaa tena mpaka leo. Mama yangu hakutoboa masikio kwa sababu hiyo. Mimi nilitupa hereni chooni nikiwa na masikio ya bibi akilini.

Uamsho wenyewe wasomaji wangu wengi mna bibi na babu waliopita humo. Moto uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya thelathini ulifika kwetu pia, na Festo Kivengere alikuja kufundisha shule hapa Dodoma katikati ya miaka ya arobaini, kabla hajawa askofu wa kujulikana duniani. Watu walisimama hadharani wakasema dhambi zao kwa jina. Walirudisha vitu. Kulikuwa na watu wanaotembea mchana kweupe na jembe la jirani begani, wanalipeleka lilikoibwa.

Tuliketi kivulini. Nilimwuliza: "Bibi, mlipookoka, nani aliwaambia mvue mapambo?"

Alinitazama kwa lile jicho moja linaloona.

"Mapambo gani?"

"Ya masikioni. Na shanga."

"Hakuna aliyeniambia. Niliyauza."

Mwaka wa njaa, akiwa ameolewa karibuni, alikuwa ameiba mtama ghalani kwa shemeji yake. Mara mbili, usiku. Jambo lile hakulijua mtu. Alipoguswa na Damu ya Yesu, alisema, kila akifumba macho anaona mtama. Akaenda kwa shemeji, akatubu, na hakuwa na mtama wa kurudisha. Alichokuwa nacho ni shanga zake na vitu vya masikioni. Akaviuza kwa msichana wa kijiji cha pili aliyekuwa anaolewa, akanunua mtama, akaupeleka.

"Niliujaza mpaka ukamwagika," alisema.

Nilishindwa kusema kwa muda. Nikamwuliza, baadaye hukutaka kuvaa tena?

"Nilitaka. Hela haikuwepo. Halafu nikazoea. Halafu mama yako akazaliwa, akakua, akadhani nimekatazwa."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Sabini na kitu ya miaka ukoo mzima tumesoma matundu yale kama amri, na yalikuwa risiti ya deni lililolipwa.

Nikamsimulia habari za yule binti. Suruali, hereni, kikapu, vyote. Bibi hakuonekana kushtushwa na suruali. Wajukuu wake wanazivaa shambani. Aliuliza swali moja tu.

"Na ile bahasha uliipokea?"

"Hapana, bibi. Aliondoka nayo."

Alichezea ncha ya kanga yake. "Sasa shukrani ya mtoto wa watu umeiacha wapi?"

## Jumapili iliyopita

Nilimweleza mzee kwamba zamu yangu nitasimama bila kikapu. Alisema jambo hilo ni la baraza la wazee, na ni kweli, litajadiliwa huko na huenda nikashindwa. Zamu nyingine zote kikapu kipo. Nimemwambia pia habari za mtama wa bibi. Alikaa kimya, kisha akaomba nimrudie tena sehemu ya msichana aliyenunua zile shanga.

Jumapili iliyopita niliacha kikapu stoo. Walikuja wasichana watatu wenye suruali, na kijana mmoja mwenye rasta, aliyeomba aketi karibu na mlango. Niliwapa wote kitabu cha nyimbo. Mama mmoja wa kwaya alinivuta kando akaniuliza kama ninaumwa.

Yule binti hakuwemo. Nilikaa kibarazani mpaka ibada ya pili ikaanza, naangalia kila mkono unaopanda ngazi kama umeshika bahasha.